Kochi la Watu Wawili

Asubuhi ile Fundi aliapa kwamba hatalia mbele ya mama wa mchumba wake, Mgeni, na kweli hakulia. Lakini asisifiwe. Machozi yenyewe ndiyo yaliyogoma. Yangekuja, yangemwagika hadharani na kiapo kingebaki pale pale juu ya meza ya kukatia vitambaa.

Yule mama alikuja kuzungumzia ndoa. Alikaribishwa kiti, akachagua kimoja ambacho hakijavikwa kitambaa, akakaa juu ya sponji tupu na mkoba wake mapajani, akaanza kuikagua karakana: cherehani mbili, makopo ya gundi, kochi la mteja lililochunwa likabaki mbao na springi, na pembeni, chini ya shuka kuukuu, kochi la watu wawili ambalo halikuwa la mteja yeyote. Fundi alikuwa akilitengeneza kwa ajili ya nyumba yake na Mgeni. Alikuwa amelivika na kulivua mara nyingi, kwa kuwa kila Mgeni aliporudi safari alikuja na kitambaa kizuri kuliko cha kwanza, na harusi nayo ilikuwa ikisogezwa mbele kila mara.

Kwenye cherehani ya pili alikaa shangazi yake Fundi, aliyemlea na kumfundisha kazi. Shangazi alikuwa akishona kwa bidii ya ajabu, na mtu yeyote mwenye jicho la ufundi angeona kwamba mashine haina uzi.

Familia ya Mgeni ilikuwa ya wavukaji. Ipo dunia hii, na ipo nyingine iliyolala ubavuni mwake, yenye mitaa yake na mvua yake na watu wake wa kusengenya majirani, na familia chache tu zinajua njia ya kwenda na kurudi. Kina Mgeni walinunua vitambaa kule wakaviuza huku. Fundi aliyajua hayo tangu mwaka wa kwanza. Mgeni alikuja mara ya kwanza kwa mlango wa mbele, kama wateja wote, akawa anapita kila siku kwa visingizio, akamtazama Fundi kwa yale macho yake yanayoaga hata yanapobisha hodi, kisha akapotea bila neno. Siku aliporudi alitokea kwenye mlango wa stoo, ambayo haina dirisha wala tundu, na jora la kitambaa begani. Fundi alimrushia nyundo. Ilimkosa kidogo tu, na kovu lake liko kwenye fremu ya mlango mpaka leo.

Alichokuwa hakijui ni kwa nini Mgeni alitokea pale. Hilo ndilo yule mama alilokuja kumweleza.

"Hatukukatai wewe, binti," alisema. "Usije ukadhani tunakudharau. Tunaikataa ndoa."

Fundi aliuliza tofauti iko wapi.

Yule mama akaeleza, na sauti yake ilikuwa ya upole, upole wa muuguzi mwenye sindano. Mlango, alisema, haufunguki penye ufunguo. Unafunguka penye mtu anayekungoja. Anayekungoja kwa moyo, mpaka chakula hakipiti, huyo kitasa cha mlango ulio karibu naye hupata moto pande zote mbili, huku na kule, nawe ukikishika unapita, wewe na wote mnaoongozana. Asipokuwepo wa kukungoja, unabaki ulipo. Kwa hiyo kila kizazi familia huchagua mtoto mmoja, mwenye sura na maneno, ikamfundisha kazi ya kungojwa.

"Kabla yake nilikuwa mimi," alisema yule mama. "Alikuwepo mwanamume mmoja wa huku, mshona viatu. Aliningoja mpaka akazeeka. Alipokufa tulikuwa upande wa huku, na tungeondoka tusingepata pa kurudia. Ndipo mwanangu akaanza kupita mtaani kwenu."

"Na huyo mshona viatu, mama, ulimpenda?"

"Nilimheshimu sana."

Cherehani ya shangazi ikasimama, kisha ikakumbuka kazi yake, ikaendelea.

"Sasa ukiolewa," yule mama aliendelea, "utakuwa naye asubuhi, utakuwa naye jioni, mtagombana kuhusu maji ya kuoga kama watu wote. Hutamngoja tena. Na usipomngoja, sisi tutapitia wapi? Nimekuja kukuomba, kama mzazi, uendelee kumpenda hivi hivi. Usitake zaidi."

Hapo ndipo Fundi alipongoja machozi na machozi hayakuja. Badala yake lilikuja swali, akashangaa kwamba sauti yake haitetemeki. Alisema: kama huku anatakiwa mtu wa kumngoja ndipo mlango ufunguke, je, anapotoka huku kwenda kule?

Yule mama akafungua mkoba wake, akatazama ndani, akaufunga. Shangazi aliunyanyua mguu kwenye kanyagio, na cherehani ikasimama.

Mgeni alirudi mchana kutoka kupeleka vitambaa kwa wateja, koti likiwa begani, akitabasamu tangu barabarani. Alimkuta mama yake ameketi, akamkuta Fundi amesimama, na tabasamu likabaki mdomoni lakini machoni likazimika. Shangazi aliondoka, akasema anakwenda kununua uzi. Hakwenda mbali, alisimama nje ya dirisha na hakujisumbua kujificha. Tangu zamani alikuwa akisema hampendi mwanamume anayeondoka kama anakwenda msalani, na leo hakutaka kusimuliwa.

"Kule nani anakungoja?" Fundi aliuliza.

Mgeni alimtazama mama yake.

"Usimtazame yeye. Nimekuuliza wewe."

"Yupo mtu."

"Mtu ana kazi. Anafanya nini?"

"Anaoka mikate."

Fundi akalitazama lile koti begani mwake. Kila Mgeni aliporudi, jambo la kwanza alilofanya Fundi ni kuweka uso kwenye koti lake na kuvuta ile harufu ya joto, harufu kama ya nyumba ambayo watu wake wameamka vizuri. Wiki ambazo Mgeni hayupo, alilala na shati lake kwa sababu ya harufu hiyo. Aliipenda kabla hajampenda mwenyewe. Kumbe ilikuwa mikate ya mwanamke mwingine.

"Anajua kwamba mimi nipo?"

"Hajui."

"Anakuitaje?"

Mgeni aliliweka koti mezani taratibu, akalinyoosha mikono kana kwamba linaumwa.

"Nimekuuliza anakuitaje."

"Mgeni."

Jina lile Fundi alidhani ni yeye aliyelitunga. Alikumbuka siku alipompa: alimuuliza anaitwa nani, naye akacheka akasema, mimi ni mgeni tu hapa, na kukaa kimya kidogo, akiwa amemwachia nafasi. Ndipo yeye, mjanja, akasema basi nitakuita Mgeni, na wakacheka wote wawili. Sasa aliiona nafasi ile jinsi ilivyopimwa na kukatwa vizuri, kama kitambaa cha mto.

"Sikuichagua kazi hii," Mgeni alisema. "Nilifundishwa kuondoka kabla sijafundishwa kuandika. Lakini kukupenda wewe hakukuwa kazi, Fundi. Naapa."

"Basi nitenganishie. Hii kazi, hii si kazi. Ulipoondoka nikiwa na homa kitandani?"

"Kazi."

"Ulipovunja kikombe changu, ukanitukana, ukatoka, nikakaa mwezi mzima nawaza nimekukosea nini?"

"Kazi. Ukiachwa na swali unangoja zaidi."

"Ulipolia msibani kwa baba yangu?"

Mgeni alimtazama Fundi kwa macho ambayo Fundi hakuwahi kuyaona, macho yasiyoaga wala kubisha hodi, ya mtu aliyechoka tu.

"Ile sijui tena," alisema. "Mwanzoni nilijua. Sasa sijui."

Angedanganya, labda Fundi angepata wa kumchukia. Alimsogelea, akamshika mikono yote miwili mbele ya mama yake, akasema jambo ambalo hakupanga kulisema.

"Kaa. Njia ife. Usivuke tena, kaa huku tushindwe na maisha kama watu wengine. Nitajifunza kukupenda ukiwa hapa."

Kwa muda Fundi aliona Mgeni anataka. Atakayesema hakutaka hakuwepo. Vidole vyake vilimbana Fundi mpaka vikauma. Kisha yule mama, bila kuinua sauti, akamkumbusha kwamba wadogo zake wako kule wakinunua vitambaa, na kwamba asiporudi kuwaongoza hakuna anayejua kuwapitisha. Vidole vikalegea.

"Nikishawatoa tutazungumza," Mgeni alisema.

"Umesema hivyo kila mwaka."

"Fundi."

"Nenda. Mikate inapoa."

Mgeni alichukua koti. Akashika kitasa cha stoo, na Fundi aliona jinsi alivyokitoa mkono haraka, jinsi mtu anavyotoa mkono kwenye sufuria. Kilikuwa cha moto. Kule upande wa pili mwanamke mmoja asiyejua lolote alikuwa amekosa hamu ya chakula.

"Utanikumbuka," Mgeni alisema, amempa kisogo.

"Hata huu ugomvi ni kazi?"

Mama yake aliinuka, akajikung'uta vumbi la sponji kwenye sketi, akapita kwanza, Mgeni akamfuata. Mlango ukafungwa. Shangazi alipoingia na kuufungua, ndani mlikuwa na majora ya vitambaa na ndoo ya gundi.

Wakalisukuma kochi la watu wawili mpaka kwenye mlango wa stoo, ambao hufungukia karakanani, na hivyo hakuna ambaye angeweza kuufungua kutoka ndani. Shangazi alifurahi, akasema angalau limepata kazi. Kisha akampa mpwa wake kazi mpaka mgongo ukamuuma: kung'oa misumari, kukata sponji, kufunga springi kwa kamba mpya. Aliamini kwamba mtu aliyechoka hana pa kuweka mwanamume.

Na ilisaidia, kwa namna yake. Fundi hakumngoja Mgeni. Alijichunguza kila asubuhi, kwa hofu, kama mtu anayebonyeza jino lililouma jana, akakuta ni kweli. Alikula, akalala. Lile shati alilichana likawa matambara ya kufutia gundi.

Lakini moyo wa mtu hauna adabu. Aliacha kumwaza Mgeni akaanza kumwaza yule wa mikate. Mwanzoni alimwaza kwa wivu, ana umri gani, ana umbo gani, ana nini. Baadaye wivu ukachuja, yakabaki maswali tu. Je, na yeye amewahi kuachwa akiwa na homa? Kikombe chake kilivunjwa kwa sababu gani? Anakaa pembeni ya dirisha gani, akijilaumu kwa kosa lipi ambalo hajalifanya? Katika dunia mbili zote hapakuwa na mtu mwingine ambaye Fundi angeweza kuzungumza naye habari zake na kueleweka. Shangazi alisikiliza, lakini shangazi alikuwa na jibu moja tu kwa kila kitu, nalo lilikuwa tusi. Fundi akajikuta anaongea na mwenzake kimoyomoyo wakati wa kushona. Akajikuta anamwekea kando maneno ya kumwambia. Siku moja alimimina chai vikombe viwili, akavitazama, na chakula cha mchana hakikupita.

Mchana huohuo alilegeza kamba nyuma ya lile kochi, mkono wake ukagusa kitasa. Kilimuunguza.

Damu ilimchemka. Aliamini ni yeye Mgeni, na kilichomchoma zaidi ni kujua kwamba moyo wake umemsaliti, kwamba kumbe alikuwa akimngoja chini kwa chini bila kujiambia. Alilivuta kochi peke yake, shangazi akimwuliza kuna nini, akashika nyundo ileile, akaufungua mlango kwa kishindo, matusi yote yakiwa tayari ulimini.

Kati ya majora ya vitambaa alisimama mwanamke mwenye aproni nyeupe na unga mpaka kwenye viwiko. Hakuwa mrembo kuliko Fundi, wala Fundi hakuwa mrembo kuliko yeye. Aliitazama nyundo, akaitazama karakana, kisha akafumba macho na kuvuta pumzi.

"Kumbe ni gundi," alisema. "Miaka yote hii naivuta kwenye koti lake. Nilidhani ndiyo harufu ya mwili wake."

Fundi akaweka nyundo chini.

Alimkalisha kwenye kochi la watu wawili, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu, naye akakaa pembeni yake. Yule wa mikate alisema kwamba kitasa cha mlango wake wa jikoni kilikuwa kimepata moto mchana ule. Alikijua kile kitasa. Kikipata moto hivyo, alijua Mgeni anakuja. Lakini leo Mgeni alikuwa chumbani amelala, mama yake na wadogo zake wako sokoni, kwa hiyo hapakuwa na wa kuja. Alizunguka na kinyunya cha mkate mkononi, akarudi, akakigusa tena.

"Ndipo nikasema, labda ni mimi. Labda pana mtu mahali ananingoja mimi." Alicheka kidogo, akajifuta jicho kwa kiwiko, akajipaka unga. "Nimengoja tangu nikiwa msichana. Sijawahi kungojwa na mtu hata siku moja. Nisingeweza kutokwenda kuangalia."

Fundi alimwambia kila kitu. Hakumficha wala hakumpamba. Yule wa mikate hakukatiza, Fundi alipofika kwenye jina la Mgeni tu ndipo alipoinamisha kichwa, na aliposikia habari za homa akasema, "Mimi ilikuwa mimba. Ilipotoka hakuwepo." Wakashikana mikono, mmoja una gundi na mwingine una unga, ikagandana. Machozi ya Fundi, yaliyomgomea mbele ya yule mama, yakaja hapo, mengi na bila aibu.

Shangazi ndiye aliyelikumbuka jambo. Alisimama mbele yao, mikono kiunoni, akauliza: sasa kama huyu yuko huku, kule amebaki nani wa kumngoja huyo bwana? Na huku, je?

"Huku hakuna," Fundi alisema.

"Hakuna," alisema yule wa mikate.

"Basi wamekwama huko huko, yeye na mama yake na majora yao," alisema shangazi. "Sukumeni hilo kochi kabla hamjabadili mawazo."

Wakaufunga mlango, wakalirudisha kochi mpaka mgongo wake ukagusa mbao, wakakaa tena. Vikombe viwili vya chai bado vilikuwa mezani, vimepoa. Wakanywa hivyo hivyo. Walizungumza habari za kazi, kwa nini kinyunya kinataka joto na gundi inataka baridi, na mara moja wakacheka mpaka shangazi naye akacheka bila kujua kilichochekesha. Nje jua lilikuwa bado linawaka. Fundi aliona kwamba siku inaisha vizuri kuliko ilivyostahili.

Kisha mgongoni, kupitia kitambaa, sponji na kamba, akahisi joto.

Alinyamaza katikati ya sentensi. Pembeni yake, yule wa mikate naye alikuwa amenyamaza. Joto lilipanda polepole, likapenya, likawafikia wote wawili kwa pamoja. Fundi alimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho akamkuta naye anamtazama. Kila mmoja akayarudisha macho yake mbele. Hakuna aliyeuliza ni nani kati yao aliyelileta.

Kitasa kikazungushwa. Mlango ukasukuma kochi, kochi likasogea kidogo, wakakaza miguu yao sakafuni, likarudi. Halafu sauti ile waliyoijua wote wawili ikaita kutoka ndani, kwa upole, na haikumwita Fundi, wala haikuita jina lolote la kule, kwa maana mwenye sauti, aliyeamka na kukuta jiko tupu, hakujua nani aliyemfungulia.

"Mpenzi," iliita. "Mpenzi, ni mimi."

Wakaendelea kukaa, mikono yao imeshikana, nyuso zimetazama barabarani, na kitasa kikiwachoma mgongoni.